Nyongo Ilitoka, Maumivu Yakabaki

Makindye, 14 Januari 2024

Mama Latifah mpendwa,

Habari za Bombo? Natumaini barua hii itafika mikononi mwako, maana shemeji yako Ramathan ameapa kwamba hataiacha kwenye taksi yake. Mimi ni Ayot, yule polisi wa trafiki mliyelala naye kitanda kwa kitanda mwezi wa Oktoba, tulipotolewa mfuko wa nyongo siku moja, wewe asubuhi na mimi mchana. Ulisema nikuandikie, kwa kuwa simu yenu inapokewa na kila mtu. Yangu ni hivyo hivyo. Nyumba zetu hapa kambini ni za mabati, nikisema "tumbo" kwenye simu, jirani wa tatu anaitikia "pole."

Sasa nikuambie bila kuzunguka. Bado naumwa.

Ni pale pale, chini ya mbavu za kulia, halafu yanapenya hadi nyuma ya bega. Si kila siku. Wiki iliyopita nilinunua roleksi pale Kamwokya, chapati yenye mayai kama unavyoijua, nikaila nikiwa nimesimama. Kufika kazini, mkono mmoja uko juu umesimamisha magari, mwingine umeshika ubavu, na kichwani sikumbuki tena ni upande gani nilikuwa nataka kuruhusu. Madereva walinipigia honi kama wanaopiga ngoma. Tena kuna choo. Nikila tu, tumbo linanikimbiza, na trafiki hana choo barabarani. Siku hizi naenda kazini bila kutia kitu mdomoni.

Nilirudi kliniki. Wakapiga picha ya tumbo, wakapima damu, kila kitu safi. Daktari mmoja kijana akanicheka kwa upole, akasema, "Huna kitu, nyabo, mama yangu." Mume wangu Okidi alikuwa amekaa pembeni yangu, akalidaka neno hilo. Mama yake akituma simsim ya kusaga kutoka Gulu, nami nikaisukuma sahani, Okidi ananiambia, "Lakini huna kitu." Hasemi kwa ubaya. Alifurahi sana kusikia siumwi. Shida ni kwamba naumwa.

Ndiyo maana nakuuliza wewe. Tumepasuliwa na mikono ile ile, tuna makovu sawa. Wewe vipi? Niambie ukweli.

Wako,
Ayot


Bombo, 28 Januari 2024

Afande wangu Ayot,

Assalaam alaikum. Nimecheka kwa hilo la jirani wa tatu mpaka Latifah akaja kuchungulia.

Pole, dada. Mimi alhamdulillahi nimepona kabisa. Nakula pilau, nakula sambusa, juzi nimemaliza mguu wa kuku uliokaangwa na hakuna kilichonisumbua. Nimerudi kwenye kusuka vifuniko vyangu vya chakula na wateja wanagombania rangi.

Tena nina haraka ya kupona, maana harusi ya Latifah imepangwa upya. Unakumbuka ilikuwa iwe Desemba, tukaiahirisha kwa sababu yangu. Watu wa mchumba wake Abdul-Karim wanatoka Arua, si karibu, na walikuwa wameshakodi gari. Mama yake bwana harusi alinipigia simu akasema, "Mama Latifah, tutangoja mpaka lini?" Ni mama mwenye sauti nzito. Nikamjibu, mimi ni mzima, tufanye baada ya Idd. Basi ni baada ya Idd, inshallah.

Labda wewe una mawazo, Ayot. Kazi yako ni jua, moshi na matusi ya madereva. Nani hataumwa tumbo? Kunywa maji ya moto yenye tangawizi asubuhi. Na usikae na njaa, njaa inakoroga tumbo.

Kasim mume wangu anakusalimu.

Lailah


Makindye, 18 Februari 2024

Mama Latifah,

Tangawizi nimekunywa. Asante.

Nimefurahi umepona. Nilimwambia Okidi, naye akasema, "Unaona? Mmekatwa siku moja." Nadhani ndiye aliyemfikishia mkubwa wangu, Afande Sylvanus, maana wanakunywa chai pamoja. Sikujua mpaka lilipotokea la kutokea.

Jumanne nilikuwa kwenye makutano ya barabara, magari yakiwa mengi. Maumivu yalianza taratibu kama kawaida, halafu tumbo likageuka. Mwenzangu alikuwa ameitwa kwingine. Nilisimamisha pande zote, nikakimbia kwenye kituo cha mafuta kuomba choo. Ungeniona, sare nyeupe na kofia mkononi. Niliporudi, gari dogo na gari la kubeba matoke yalikuwa yamebusiana katikati. Hakuna aliyeumia. Ndizi zilitapakaa barabara nzima na watu walikuwa wameshazichukua zaidi ya nusu.

Afande Sylvanus akaniita ofisini.

"Uliacha kazi."

"Nilikuwa naumwa, afande."

"Unaumwa nini?"

"Tumbo. Tangu nilipopasuliwa."

"Ulipimwa?"

"Ndiyo, afande."

"Wakakuta nini?"

"Hakuna kitu."

Akasema, "Kuna mwenzako mliyekatwa naye siku moja, nasikia sasa anaandaa harusi. Wewe unajificha kwenye choo." Akaniambia nitaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mpaka siku hiyo nitaendelea kusimama barabarani.

Nakuambia tu, sikulaumu kwa kupona kwako. Lakini nimeanza kujiuliza kama ni kweli nina mawazo. Nalala nikijisikiliza tumbo kama mtu anayesikiliza mwizi. Likitulia, naona labda nilijitungia. Likiuma, karibu nifurahi. Je, huo si ndio wazimu?

Ayot


Bombo, 10 Machi 2024

Afande Ayot,

Pole sana kwa hayo. Lakini nakuomba, habari zangu usiwaambie tena mumeo na mkubwa wako. Mimi si kipimo cha mtu yeyote.

Sina mengi. Kesho au kesho kutwa tunaanza kufunga, na kusema kweli nangoja kwa hamu, tumbo nalo linapenda kupumzika. Latifah ananipigia kelele kwamba nimekonda. Gurbaba yangu, vazi langu la harusi, fundi ameshaibana mara mbili. Namwambia mama wa bibi harusi anatakiwa awe mwembamba ili wageni wamtazame bibi harusi.

Usijiite kichaa. Mimi nakuamini.

Lailah


Makindye, 31 Machi 2024

Mama Latifah,

Ramadhani njema. Neno lako la mwisho nililishika, likanipeleka hospitali ya Mulago. Nilisema moyoni, kama mtu mmoja ananiamini, huenda na wa pili yupo.

Nilipanga foleni tangu alfajiri. Nikamwona daktari mwanamke, mtu mzima, anaitwa Babra. Nikamwambia kila kitu haraka haraka, kisha nikamalizia mwenyewe, "Lakini wamesema sina kitu." Akaweka kalamu chini.

"Nani amesema?"

"Vipimo."

"Vipimo vimesema hakuna jiwe. Havijasema hakuna maumivu. Maumivu ni kitu."

Mama Latifah, mimi nimepigwa mawe kwenye maandamano sikulia. Pale nililia. Akanipa kitambaa cha karatasi, akangoja.

Akanieleza hivi. Nyongo ilikuwa inawekwa kwenye ule mfuko, inatoka kidogo kidogo ukila. Mfuko ukitolewa, inatiririka tu muda wote kuingia kwenye utumbo, na matumbo mengine hayaipendi. Ndiyo mbio zangu za chooni. Tena pale mlangoni mwa mrija wa nyongo kuna msuli, ambao kwa watu wengine unabana hovyo. Huenda ndiyo maumivu yangu. Watu wengi wanapona wakasahau. Wengine wanabaki na maumivu, na hao si waongo. Amenipa unga wa kukoroga na maji, una ladha ya chaki, na vidonge vya kutuliza msuli. Nile kidogo kidogo, mafuta kidogo sana. Nikamuuliza, "Itaisha lini?" Akasema, "Sijui. Huenda ikapungua. Huenda ukaishi nayo, na tutakusaidia uishi nayo vizuri." Nilidhani jibu hilo litanivunja. Halikunivunja. Nilitoka nikanunua viazi vitamu.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya niandike. Alisema yapo mambo ambayo nikiyaona nisingoje hata siku moja, kwa sababu kijiwe kinaweza kuwa kiliteleza kikabaki ndani ya mrija: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai kavu, choo kikubwa kuwa cheupe kama udongo, homa ya kutetemeka. Mimi sina. Nakuandikia kwa kuwa wewe na mimi tulipita mlango mmoja.

Kamati imeahirishwa hadi mwezi wa tano.

Ayot


Bombo, 16 Aprili 2024

Afande Ayot,

Idd Mubarak. Asante kwa habari za daktari, Mungu ambariki. Nimefurahi umepata mtu wa kukusikiliza. Mimi, alhamdulillahi, katika hayo uliyoandika sina hata moja.

Hapa nyumba imejaa. Shangazi zake Latifah wamefika na kila mmoja ana sufuria lake na maoni yake. Tulijaribu hina na nadhani ni mbovu, hizi za pakiti za dukani, maana mwili wote unaniwasha, viganja, nyayo, mpaka ndani ya masikio. Najikuna mpaka nachubuka. Wenzangu tuliopaka pamoja hawakudhurika, labda ngozi yangu ni laini kuliko zao! Na jua la siku hizi linanichoma macho, nimechukua miwani nyeusi ya Kasim, naivaa hata jikoni. Wanawake wananiita mke wa jenerali.

Harusi ni Jumamosi tarehe 27. Nikah asubuhi msikitini, kisha chakula nyumbani kwetu. Njoo, nitakuwekea chako kisicho na mafuta.

Lailah


Makindye, 22 Aprili 2024

Mama Latifah,

Barua yako nimeipata leo, Ramathan alikuwa Masaka.

Kuwashwa kulianza lini, kabla ya hina au baada? Nimempigia Daktari Babra. Amesema kuwashwa mwili mzima nako ni dalili, nyongo ikikosa njia inaingia kwenye damu. Ingia chumbani, simama dirishani, vua hiyo miwani, ujitazame kwenye kioo. Angalia mkojo wako. Halafu nijibu kwa Ramathan leo leo, hata neno moja. Au azima simu ya mtu yeyote.

Nisipopata jibu, nitakuja. Siji kula.

Ayot


Kampala, wodini, 4 Mei 2024

Ayot,

Leo ndiyo mara ya kwanza nimeweza kushika kalamu, nami naanza kwa kukugombeza.

Nani alikuambia uje harusini kwangu na sare? Najua ulitoka zamu moja kwa moja. Lakini ulipotokea getini, mweupe pepepe, wanaume wote walidhani umekuja kwa sababu ya magari. Kasim alikatisha hotuba ya mjomba wake ili watu wahamishe magari barabarani. Mpishi mmoja alizima jiko kabisa, sijui alidhani pilau nayo inahitaji leseni.

Ukanivuta nyuma ya pazia. "Vua miwani." Nikakataa. Ukasema tena, taratibu, kama unavyomwambia dereva mlevi azime gari. Nikakuambia, "Ayot, leo tu. Kesho nitakwenda. Niachie siku hii." Nami nilikuwa najua. Nataka ujue hilo. Barua yako ya tarehe 22 niliisoma, nikasimama dirishani kama ulivyosema, nikaona, nikairudisha miwani. Mkojo ulikuwa mweusi tangu kati ya Ramadhani. Maumivu hayakuacha kunisumbua tangu Novemba. Ule mguu wa kuku niliokuandikia, niliutapika wote nyuma ya choo.

Niliona nikisema naumwa, harusi itaahirishwa tena, na yule mama wa Arua atamchukua mwanawe akatafute kwingine. Basi nikawa mzima. Nikishaanza kuwa mzima, sikujua pa kuachia.

Wewe ukaniacha nyuma ya pazia, ukaenda kumwambia mwanangu. Siku ya harusi yake. Nilikuchukia, Ayot. Latifah akaja na hina yake na dhahabu yake, akanivua miwani kwa mikono miwili. Wanawake wote waliona. Shangazi mmoja akaanza kulia kama msibani.

Nikamtazama mama yake Abdul-Karim, nikangoja. Unajua alisema nini? Labda hukusikia, ulikuwa unapigia simu hospitali. Alisema kwa ile sauti yake, "Nikah imepita. Huyu sasa ni ndugu yangu, na ndugu yangu anaumwa. Leteni gari." Akavua mtandio wake akaukunja, akauweka chini ya kichwa changu. Tukaja mjini kwa gari la bwana harusi lenye maua, bibi harusi kando yangu amenishika mkono, mama wa Arua mbele anamwambia dereva, "Pita! Pita!" Njiani nikaanza kutetemeka kwa homa mpaka meno yakagongana.

Madaktari wanasema uchafu ulikuwa umeanza kuoza ndani ya mrija na kuingia kwenye damu. Waliingiza mpira mwembamba wenye taa kupitia mdomoni, wakakitoa kijiwe. Mkubwa wao alisema, tungechelewa siku mbili, asingekuwa na mtu wa kumtibu.

Bado nina hasira kidogo. Itaisha.

Wako mwenye macho yanayorudi kuwa meupe,
Lailah


Makindye, 12 Mei 2024

Mama Latifah,

Kasirika upendavyo. Mtu akikasirika ujue anapumua.

Siombi radhi kwa kumwambia Latifah. Naomba radhi kwa sare. Hata nisingetoka zamu, magauni yangu yote yanabana tumbo, sare ndiyo niliyoilegeza.

Lakini nami nina langu, na tusiposema sasa litabaki. Uliponiandikia kwamba umepona kabisa, nililala nikiwaza kwamba kasoro ni mimi. Watu walikuchukua wewe wakanipiga nawe. Miezi miwili niliamini nina wazimu. Wewe ulikuwa Bombo unaumwa kama mimi, na ungeniambia neno moja tu. Sikuhitaji dawa, nilihitaji mwenzangu.

Nimeshasema. Sitalirudia.

Kamati ni tarehe 23. Sijui watasema nini. Vipimo vyangu bado ni safi, na aliyekuwa na jiwe ni wewe. Hata kwa kuumwa umenipita, una ushahidi.

Pumzika. Usinijibu mpaka upate nguvu.

Ayot


Makindye, 26 Mei 2024

Mama Latifah,

Ramathan anasema umerudi Bombo salama. Lakini hukuniambia kwamba kabla ya kurudi ungepitia hapa.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati, nimeweka kofia magotini. Nikaona mwanamke ametoka ndani, amejifunika, anatembea taratibu ameshika ukuta, Kasim nyuma yake. Nilipokutambua ulikuwa umeshanipita. Ulinigusa bega tu. Kwa nini hukusema kitu? Nilidhani bado una hasira.

Nilipoingia, Afande Sylvanus alikuwa anatazama dirishani. Mwenyekiti akaniambia, "Yule mama wa Bombo amekuja mwenyewe, hakuna aliyemwita. Amesema yeye ndiye yule mwenzako aliyepona, na kwamba hakupona, alidanganya kila mtu ukiwemo wewe, ikabaki kidogo afe. Amesema asitumike tena kama mfano."

Kisha wakamsikiliza Daktari Babra kwa simu, sauti ikiwa wazi kwa wote. Afande Sylvanus akamuuliza, "Daktari, kwa hiyo ataumwa mpaka lini?" Akajibu kama alivyonijibu mimi, kwamba hajui. Nilidhani watakasirika. Mwenyekiti, ambaye ni mzee karibu kustaafu, akasema, "Mgongo wangu nao ni hivyo."

Nimepewa onyo kwa kuacha makutano bila kuita mwenzangu kwenye redio. Hilo ni haki, ningeweza kuita. Wamenitoa barabarani. Kuanzia Juni nitakuwa kwenye dawati la ajali, kuandika maelezo ya watu. Choo kiko hatua chache kutoka pale. Afande Sylvanus hakuniomba radhi. Alinifungulia mlango nilipotoka, na hilo hajawahi kumfanyia mtu.

Asante, Lailah. Umetembea kabla hujapona.

Ayot


Bombo, 9 Juni 2024

Afande Ayot,

Sikukuambia kwa sababu ungenikataza. Na sikusema kitu pale nje kwa sababu ningesema ningelia, na Kasim alishasema nikilia ananirudisha kitandani.

Sasa nimepona, na safari hii hata yule mama wa Arua anajua, maana alikaa hapa wiki nzima ananipikia uji na kunifokea. Nakula. Silali nikijikuna. Jana nimekula sambusa, moja, nikangoja. Hakikuja kitu. Nilikaa jikoni nikaona aibu, dada. Mimi niliyedanganya nimepona, na wewe uliyesema kweli tangu siku ya kwanza ndiye uliyebaki na maumivu. Sijui namna ya kuliweka hilo. Nimelileta kwako kama lilivyo.

Usiniandikie "sijambo." Niandikie lilivyo.

Lailah


Makindye, 7 Julai 2024

Lailah,

Usione aibu. Jiwe halikuchagua mkweli wala mwongo, lilikwama tu. Mimi nafurahi kwamba mmoja wetu anaweza kula sambusa, na siku nikija utaila mbele yangu, nitazame.

Umetaka lilivyo. Unga wa chaki umenisaidia sana upande wa choo. Sasa naweza kukaa asubuhi nzima. Maumivu yamepungua lakini yapo. Wiki nyingine yanakuja mara moja, wiki nyingine karibu kila siku, na sijajua sheria zake. Simsim nimeiacha, na mama mkwe ameambiwa kwa nini. Akasema mbona hatukumwambia mapema, na sasa anatuma mboga kavu. Dawatini naandika ajali za watu. Juzi dereva mmoja alikuwa anajishika kifua wakati wa kutoa maelezo, akasema si kitu. Nikaacha kuandika, nikamwambia akae kwanza, atuambie panauma wapi.

Leo ni Jumapili na leo yamekuja. Nilikuwa nafua. Nikakaa chini kwenye ngazi, mkono ubavuni, nikawa nahesabu pumzi. Okidi alikuwa ndani anasikiliza mpira. Akazima redio, akatoka, akamalizia kusuuza shuka na kuzianika, vibaya, zinaburuta chini. Kisha akaja kukaa karibu yangu. Baada ya muda akauliza, "Bado?" Nikasema, "Bado." Akasema, "Basi tukae."

Tumekaa mpaka yakapita, kisha nikaja kukuandikia.

Ayot